Uzi: Je, kemia husimama baridi inapokaribia sifuri kamili?

Chembechembe (mwanzisha uzi)

Kila aliyesoma kemia, hata kwa muda mfupi, anabeba kanuni hii kichwani: ukitaka mmenyuko uende haraka, pasha moto, ukitaka uchelewe, poza. Svante Arrhenius aliiweka kanuni hiyo katika hesabu mwaka 1889, na tangu hapo imetumika kwa mafanikio makubwa hata wengi wetu tukaichukulia kuwa sheria isiyo na mpaka. Nimefungua uzi huu ili tuutazame mpaka huo, kwa sababu upo, umepimwa, na upande wake wa pili kuna kemia ambayo vitabu vingi vya kiada havigusi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kwa kawaida, ili molekuli mbili zimenyuke, hulazimika kupanda kilima cha nishati kilichosimama kati ya hali ya mwanzo na hali ya mwisho. Tuchukue kilima cha kilojuli 20 kwa moli, ambacho si kirefu. Katika kelvini 300, yaani joto la kawaida la chumbani (kelvini huhesabu joto kuanzia sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa), migongano kama mitatu katika kila elfu kumi huwa na nishati ya kukivuka. Ipoze gesi hiyo hiyo hadi kelvini 10, na sasa utapata mgongano mmoja unaofaa katika idadi ambayo ukiiandika ni tarakimu ya 3 ikifuatwa na sifuri 104. Idadi ya atomi katika ulimwengu wote unaoonekana hukadiriwa kuwa na sifuri 80 hivi. Kwa lugha nyingine, kwa mujibu wa Arrhenius, katika kelvini 10 mmenyuko huo haupo.

Mwaka 1973 Vitalii Goldanskii na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti walichapisha matokeo yaliyoitia kanuni hiyo doa. Walichukua formaldehaidi iliyoganda, molekuli ndogo ya kaboni, oksijeni na haidrojeni, wakaimulika kwa mionzi ili kuanzisha mnyororo wa molekuli zinazoungana moja baada ya nyingine, kisha wakapima kasi ya kukua kwa mnyororo kadiri walivyokuwa wakipoza. Mwanzoni kasi ilishuka kama ilivyotarajiwa. Ilipofika karibu na kelvini 12 ikaacha kushuka. Kutoka hapo hadi kelvini 4 mchoro wao ulilala bapa, na kila kiungo kipya kilichukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kujiunga, ilhali kwa hesabu ya kilima kingepaswa kusubiri muda unaozidi umri wa ulimwengu kwa mbali sana.

Kama kasi haibadiliki unapopunguza joto, basi joto silo linaloiendesha. Kinachoiendesha ni upenyaji: chembe hupita ndani ya kilima bila kukipanda.

Mdadisi

Ndugu Chembechembe, nashukuru kwa kufungua mjadala huu, lakini nina tatizo la msingi. Chembe isiyo na nishati ya kufika kileleni inapitaje? Nimewahi kusoma maelezo kwamba "huazima" nishati kwa muda mfupi kisha ikairudisha. Je, hiyo si kuvunja kanuni ya uhifadhi wa nishati kwa mlango wa nyuma?

Chembechembe

Maelezo ya kuazima ni ya kupendeza kusimulia, ila mimi huyakwepa, kwa sababu yanaleta picha ya deni ambalo hakuna hatua yoyote ya hesabu inayolionyesha. Nishati ya chembe inabaki ile ile kabla ya kilima na baada yake.

Tatizo linatokana na kuifikiria chembe kama kijiwe. Katika fizikia ya kwanta, mahali ilipo chembe huelezwa na wimbi, na wimbi hilo halikatiki ghafla linapogonga ukuta wa kilima. Linaingia ndani huku likififia. Ikiwa kilima ni chembamba, linatokea upande wa pili likiwa bado na ukubwa fulani, na ukubwa huo ndio unaotupa uwezekano wa kuikuta chembe huko. Friedrich Hund alilieleza jambo hili kwa molekuli mwaka 1927, na mwaka uliofuata George Gamow akalitumia kueleza jinsi viini vizito vinavyotoa chembe za alfa.

Hapa kuna jambo ambalo naona ndilo kiini cha mada nzima. Kufifia kwa wimbi kunategemea vitu vitatu: urefu wa kilima, uzito wa chembe, na upana wa kilima. Urefu na uzito vinaingia katika hesabu kwa kipeuo chao cha pili tu, lakini upana unaingia wote kama ulivyo. Hivyo basi kilima kirefu na chembamba kinaweza kupenyeka kwa urahisi kuliko kifupi na kipana. Kemia ya joto huuliza kilima kina urefu gani. Kemia ya baridi inauliza pia kina umbo gani, na chembe inayopita ina uzito gani.

Mizani

Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo mtaniwia radhi nikileta ubishi. Jaribio la formaldehaidi lilitumia mionzi. Mionzi hupasha. Nawezaje kuwa na hakika kwamba hapakuwa na vijisehemu vidogo vilivyopata joto kwa kitambo, molekuli zikavuka kilima kwa njia ya kawaida, kisha vikapoa kabla kipimajoto hakijajua?

Chembechembe

Ubishi wako ni halali, Ndugu Mizani, na njia nzuri ya kuujibu ni kuachana na formaldehaidi ile na kutazama majaribio yanayotumia kipimo cha uzito. Atomi ya deuteri ni haidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada. Kikemia ni ndugu wa toka nitoke, umbo la kilima halibadiliki, ila uzito ni mara mbili. Kama molekuli zinavuka juu ya kilima kwa joto lililojificha, kubadili haidrojeni kuwa deuteri kutapunguza kasi kwa kiasi cha wastani. Kama zinapenya, kasi itaporomoka.

Mwaka 2008 Peter Schreiner na wenzake walitengeneza molekuli iitwayo hidroksimethileni, yenye kaboni moja, oksijeni moja na haidrojeni mbili, wakaifungia ndani ya agoni, gesi isiyomenyuka, iliyoganda katika kelvini 11. Walipoiacha gizani, bila mionzi na bila kuipasha, iligeuka yenyewe kuwa formaldehaidi, na nusu yake ilitoweka katika takriban saa mbili. Kilima kati ya hali hizo mbili ni kilojuli 125 hivi kwa moli. Nimepiga hesabu ya Arrhenius kwa kelvini 11: uwezekano wa kupanda juu ni mmoja katika idadi yenye sifuri zaidi ya 590. Kisha wakarudia kwa kuweka deuteri mahali pa haidrojeni inayohama, na molekuli ikakaa bila kubadilika. Vijisehemu vya joto haviwezi kuchagua kati ya haidrojeni na deuteri kwa ukali huo.

Kundi hilo hilo lilitoa matokeo mengine mwaka 2011 ambayo, kwa maoni yangu, yanashangaza zaidi. Walitumia molekuli ya jamii hiyo yenye kundi la methili, ambayo ina njia mbili za kujibadilisha: moja kwenda pombe ya vinili kwa kilima kifupi, nyingine kwenda asetaldehaidi kwa kilima kirefu. Kila mwanakemia angeweka dau lake kwenye kilima kifupi. Katika kelvini 11 molekuli ilikwenda asetaldehaidi, kwa sababu kilima kile kirefu ni chembamba zaidi.

Wala si haidrojeni peke yake inayopenya. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba pete ya atomi nne za kaboni inaweza kupanuka katika kelvini 8 kwa upenyaji wa kaboni yenyewe, ambayo ni nzito mara 12 kuliko haidrojeni. Inawezekana kwa sababu umbali unaosafiriwa ni mdogo mno.

Mizani

Nimekubali kuhusu yabisi. Hata hivyo barafu ya agoni ni mazingira yenye mambo mengi: molekuli imebanwa, majirani wanatikisika. Je, kuna aliyepima upenyaji katika gesi, chembe mbili zikikutana zenyewe bila mtu wa tatu?

Chembechembe

Yupo, na matokeo yalitoka mwaka 2023 katika kundi la Roland Wester, Innsbruck, Austria. Walifungia ioni hasi za deuteri, yaani atomi zenye elektroni moja ya ziada, katika mtego wa umeme, wakaingiza gesi ya haidrojeni, na kuyaweka yote karibu na kelvini 10. Mmenyuko wenyewe ni rahisi kuliko karibu yote: ioni ya deuteri inachukua atomi moja kutoka molekuli ya haidrojeni, na ioni ya haidrojeni inabaki peke yake. Kilima kiko juu mno kwa baridi hiyo. Walisubiri takriban robo saa kila mara, kisha wakahesabu ni ioni ngapi za haidrojeni zilizojitokeza.

Walikuta kwamba upenyaji hutokea mara moja katika migongano takriban bilioni mia moja. Thamani hiyo ni ndogo sana, na ndiyo sababu haikuwahi kupimwa kabla, lakini inaafikiana na hesabu za kwanta ambazo zilikuwa zimeshafanywa. Kwa kuwa mfumo huu una viini vitatu tu na elektroni nne, wananadharia hawana mahali pa kujificha: ama hesabu yao ni sahihi ama si sahihi.

Mtazamanyota

Naomba niongeze upande wangu, kwa sababu kelvini 10 si joto la maabara tu. Ndilo joto la mawingu mazito ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, na mawingu hayo yana kemia tele. Darubini za redio zimetambua ndani yake molekuli nyingi za kaboni, na ilibidi watu waulize zinatengenezwaje mahali ambapo Arrhenius anasema hapawezekani kitu.

Methanoli ni mfano mzuri. Juu ya punje za vumbi kuna utando wa barafu wenye kaboni monoksaidi. Atomi za haidrojeni zinatua hapo na kuungana nayo moja baada ya nyingine: kwanza fomili, kisha formaldehaidi, na mwishowe, baada ya haidrojeni nne, methanoli. Hatua ya kwanza na ya tatu zina vilima ambavyo haidrojeni hupenya. Naoki Watanabe na Akira Kouchi wa Hokkaido, Japani, waliuonyesha mlolongo huo katika maabara mwaka 2002 kwa kurushia atomi za haidrojeni barafu iliyopozwa hadi karibu kelvini 10.

Kisha kuna kisa cha haidroksili (oksijeni moja iliyoungana na haidrojeni moja) na methanoli katika gesi, ambacho kilinifanya nisome tena nilichodhani nakijua. Mmenyuko huo una kilima, na ukiupoza kutoka joto la chumbani unapungua kasi kama kawaida. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliupima katika kelvini 63 na kukuta unakwenda haraka karibu mara 100 kuliko katika kelvini 200. Haukubaki bapa kama formaldehaidi ya Goldanskii; ulipanda.

Mdadisi

Hapo sasa nimepotea. Upenyaji usiotegemea joto naweza kuuelewa. Lakini kasi inayoongezeka kwa kupoza?

Mtazamanyota

Sababu ni muda. Kabla ya kufika kwenye kilima, haidroksili na methanoli huvutana kwa muungano dhaifu wa haidrojeni na kushikana kwa kitambo. Katika joto, mshikano huo huvunjika mara moja kwa sababu molekuli zina nishati ya kuachana. Katika baridi hushikana kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo haidrojeni inajaribu kupenya tena na tena. Kila jaribio lina uwezekano mdogo. Majaribio yakiwa mengi, jumla inakuwa kubwa.

Mtu anaweza kuuliza ilikuwaje methanoli isigande kwenye kuta za chombo katika kelvini 63. Hakuna kuta. Gesi hupitishwa katika bomba la Laval, lile lenye umbo la kiuno chembamba, na kutoka upande wa pili kwa kasi kupita sauti ikiwa mkondo mmoja uliopoa kwa kutanuka. Mbinu hiyo ilikuzwa Ufaransa na Bertrand Rowe na wenzake katika miaka ya 1980. Vipimo vyote hufanyika ndani ya mkondo huo kabla haujavurugika.

Chembechembe

Shukrani, Mtazamanyota. Sasa naomba tushuke chini zaidi, kwa sababu kelvini 10 ni joto kali ukilinganisha na ninachotaka kukieleza. Mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu una kelvini 2.7. Majaribio yanayofuata yalifanywa katika nanokelvini 500 (nanokelvini ni sehemu ya bilioni ya kelvini) au chini yake, ambayo ni baridi zaidi ya mara milioni tano kuliko anga tupu.

Molekuli iliyotumika ina atomi moja ya potasiamu na moja ya rubidiamu. Mwaka 2008 kundi la Deborah Jin na Jun Ye, kule Boulder, Marekani, lilifanikiwa kuzitengeneza kutoka atomi zilizokwisha kupozwa, na kuzishusha kwa leza hadi hali ya chini kabisa ya mtetemo na mzunguko. Katika joto la chumbani wimbi la molekuli hiyo lina urefu wa takriban nanomita 0.009, dogo kuliko molekuli yenyewe, na ndiyo sababu tunaweza kuifikiria kama kijiwe bila kukosea sana. Katika nanokelvini 500 wimbi hilo hunyooka hadi nanomita 220 hivi, mamia ya mara kupita umbali kati ya atomi zake mbili. Kusema kwamba molekuli mbili "zinagongana" kunakuwa kama kusema mawimbi mawili ya bahari yamegongana vichwa.

Molekuli mbili za aina hiyo zinaweza kubadilishana atomi na kutoa molekuli ya potasiamu mbili na ya rubidiamu mbili. Hakuna kilima cha kawaida njiani, na mmenyuko unatoa nishati kidogo. Ungetarajia basi zimenyuke kila zinapokutana. Lakini molekuli hizi ni fermioni, mojawapo ya jamii mbili za chembe katika fizikia ya kwanta, na fermioni mbili zilizo katika hali ile ile kabisa haziruhusiwi kukaribiana uso kwa uso. Kanuni ya kwanta inazitaka zikaribiane huku zikizungukana, na kuzungukana huko kunazaa kilima chake chenye urefu wa mikrokelvini 24, yaani sehemu 24 za milioni za kelvini. Ni kijilima cha kuchekesha kwa vipimo vyetu, ila kwa molekuli zenye nanokelvini mia chache ni kirefu makumi ya mara kuliko nishati yake. Inabidi zipenye, molekuli nzima nzima.

Mwaka 2010 walipima, na kweli kasi ilikuwa ndogo. Kisha wakafanya jambo ambalo hakuna mwanakemia wa karne ya 19 angelikubali kuwa ni kemia: waligeuza spini ya kiini (sifa ya kwanta inayofanana na kujizungusha) katika nusu ya molekuli, badiliko ambalo nishati yake ni ndogo mno na halina uhusiano wowote na viungo vya kikemia. Kwa kuwa sasa molekuli zilikuwa za hali mbili tofauti, katazo likaondoka, na kasi ikapanda kati ya mara 10 na 100. Mwaka uliofuata walizibana katika matabaka membamba na kuzielekeza kwa uga wa umeme ili zisukumane ubavu kwa ubavu, na mmenyuko ukazuilika tena.

Mizani

Hiyo ya spini inanikumbusha kwamba katika majaribio ya awali walipima molekuli zinavyopungua tu. Kupungua si ushahidi wa mmenyuko. Huenda zilikuwa zinatoroka mtegoni. Kuna aliyeona mazao, yaani molekuli mpya zenyewe?

Chembechembe

Umegusa penyewe, na jibu lilichukua karibu miaka kumi. Kang-Kuen Ni, aliyekuwa katika kundi la Boulder akiwa mwanafunzi, alijenga chombo chake Harvard chenye uwezo wa kuzipiga chembe kwa leza ya urujuanimno, kuzigeuza ioni, na kuzipima uzito. Mwaka 2019 yeye na wenzake waliona mazao yote mawili, na waliona pia hali ya kati, ambapo atomi zote nne zimeshikana. Katika joto la kawaida hali za kati kama hizo huishi pikosekunde chache. Hapa, kwa sababu molekuli zilizoingia hazina karibu nishati yoyote ya ziada na njia za kutokea ni chache, zinaishi nanosekunde 360 hivi, muda wa kutosha kupigwa picha.

Mwaka 2021 walikwenda mbali zaidi na kutenganisha mazao kwa hali zake za mzunguko. Kuna jozi 57 za hali hizo zinazowezekana, na walipima kila moja. Sehemu kubwa ililingana na nadharia ya takwimu inayodai kwamba kila mlango ulio wazi una nafasi sawa, ila milango michache ilikataa kufuata, na hiyo michache ndiyo ninayoona ina thamani kuliko mingine yote, kwani ndipo nadharia inapopata kazi ya kufanya.

Mtazamanyota

Nimesikia pia neno "kemia kuu ya kwanta" likihusishwa na Chicago. Je, ni la kuaminiwa?

Chembechembe

Jaribio ni la kuaminiwa; jina silipendi, kwa kuwa linamfanya msomaji ategemee viwanda. Mwaka 2023 kundi la Cheng Chin, huko Chicago, lilichukua atomi za sesiamu zilizokusanyika zote katika hali moja ya kwanta na kuzifanya ziungane mbilimbili kuwa molekuli. Atomi hizo ni bosoni, jamii ya pili ya chembe, ambazo tabia yake ni kinyume cha fermioni: zinapenda kufuatana. Muungano ulikwenda haraka kuliko katika gesi ya kawaida, na idadi ya molekuli ikawa inapanda na kushuka kwa mdundo, atomi zikigeuka molekuli na molekuli zikirudi kuwa atomi, zote kwa pamoja. Mmenyuko wa kawaida huna namna ya kuuona ukirudi nyuma kwa mpigo mmoja namna hiyo.

Mdadisi

Basi nirudi kwenye kichwa cha uzi, maana hakijajibiwa moja kwa moja. Tukiendelea kupoza bila kikomo, tukikaribia sifuri kamili yenyewe, je, kasi ya mmenyuko inakwenda sifuri au haiendi?

Chembechembe

Eugene Wigner alikwisha kulijibu swali hilo mwaka 1948, na jibu lake lina matawi. Ikiwa mmenyuko unatoa nishati na chembe zinaruhusiwa kukaribiana uso kwa uso, kasi kwa kila jozi haiendi sifuri. Inatulia kwenye thamani isiyobadilika hata ukipoza vipi. Ikiwa ni fermioni mbili za hali moja, zinazolazimika kuzungukana, kasi hupungua sawia na joto, na hapo ndipo unaweza kusema kemia inasimama. Wapimaji wa Boulder waliiona tabia hiyo ya sawia mwaka 2010, na walipogeuza spini ya nusu ya molekuli, tawi likabadilika kutoka la pili kwenda la kwanza katika gesi ile ile, kwenye baridi ile ile.